Uzi: Ua la mwenge na malisho chepechepe ya Molo yanayotoweka

Mwalimu wa Mau (mwanzilishi wa uzi)

Wanajukwaa, hamjambo.

Wiki iliyopita, nikitoka Molo kuelekea Mau Summit, nilimkuta kijana akiuza miche kando ya barabara. Katikati ya miche ya parachichi na ya sukuma wiki palikuwa na mafungu manne ya mmea ambao nimeishi nao tangu utoto. Mizizi ilikuwa ingali na udongo mweusi wa bondeni, majani yalikuwa yamekatwa nusu, na bua moja lilikuwa limesimama huku maua yake ya rangi ya chungwa yakianza kusinyaa. Nilipomuuliza ameutoa wapi, alinijibu kwa unyofu kwamba ameung'oa kwenye malisho ya bondeni, mahali pasipo na mwenyewe. Niliyanunua mafungu yote manne kwa sababu sikuweza kuyaacha yakauke pale. Tangu siku hiyo sijatulia, na ndiyo maana naandika.

Mmea wenyewe kwa jina la kisayansi ni Kniphofia thomsonii. Nyumbani kwetu tuliuita mwenge, kwa kuwa bua lake hunyooka juu ya nyasi kama mtu aliyeinua mwenge gizani, na katika uzi huu nitaendelea kuuita hivyo. Ni mmea wa kudumu: majani yanaweza kuunguzwa na baridi ya alfajiri au kukauka wakati wa kiangazi, lakini shina nene linalolala chini ya udongo hubaki hai na kuchipua tena mwaka baada ya mwaka. Majani ni marefu na membamba, yamekunjika katikati kama mtumbwi, na asiyeuzoea huyadhania kuwa nyasi ngumu mpaka siku bua linapotokeza. Bua hufika kiunoni, pengine hata kifuani, na juu yake maua mengi yenye umbo la mrija huning'inia yakitazama chini. Ya chini hufunguka kwanza, kisha yaliyo juu yake, hivyo bua moja huwa na maua yaliyokwisha kuzeeka, yaliyokomaa na matumba kwa wakati mmoja. Rangi huanzia njano, hupita chungwa, na kufikia wekundu wa kaa la moto.

Wengi huuchanganya na mshubiri, na kosa hilo halistaajabishi, kwa sababu mimea hii miwili ni ya familia moja. Hata hivyo, mshubiri una majani manene yenye miiba pembeni na utomvu mchungu, nao hupenda miamba na mahali pakavu. Mwenge una majani yasiyo na nyama, nao huvumilia kusimama miguu majini kwa miezi kadhaa.

Jina lake la kigeni lina historia mbili ndani yake. Sehemu ya kwanza inamkumbuka Johann Hieronymus Kniphof, tabibu na mwanamimea wa Erfurt huko Ujerumani, aliyefariki mwaka 1763, ambaye alikuwa akipaka mimea halisi wino na kuigandamiza kwenye karatasi ili umbo lake libaki pale. Sehemu ya pili inamkumbuka Joseph Thomson, Mskoti aliyepita katika Bonde la Ufa mwaka 1883 akielekea nchi ya magharibi hadi Ziwa Viktoria, akiwa bado hajafikisha miaka 26. Jenasi nzima ina spishi takriban 70, nyingi zao zikiwa kusini mwa Afrika, chache Madagaska na moja Yemen. Hakuna hata moja iliyo ya asili ya Ulaya, ilhali bustani za Uingereza zimejaa mimea hii, na watu wa huko huifananisha na fimbo ya chuma iliyochomwa motoni. Nasema haya kwa sababu nimekutana na wenzetu wanaoamini kwamba ni ua la Wazungu lililoletwa na walowezi. Hapana. Ni letu, nalo lilikuwa hapa kabla ya reli.

Sasa nieleze mahali linapoota, kwa sababu hapo ndipo penye uzito wa jambo ninalotaka kusema. Molo iko kwenye mwinuko wa takriban mita 2,500, na kati ya vilima vyake kuna mabonde mapana yasiyo na mteremko mkali. Udongo wa juu wa mabonde hayo ni mweusi na laini kutokana na nyasi zilizooza humo kwa muda mrefu sana, na chini yake kuna tabaka la mfinyanzi linalozuia maji kushuka. Mvua za masika zinapoanza, maji husimama juu ya tabaka hilo, na bonde hubaki chepechepe mpaka mvua zipungue. Kisha kuanzia Desemba hadi Februari ardhi hiyohiyo hukauka na hata kupasuka. Miti mingi hushindwa na maisha ya namna hiyo, kwa kuwa mizizi hukosa hewa wakati wa mvua na hukosa maji wakati wa kiangazi. Mwenge unayaweza, kwa sababu huweka akiba katika lile shina la chini ya udongo na kungoja. Ukiona mienge mingi mahali, basi umeona bonde ambalo bado linayashika maji yake.

Naandika hivi nikiwa na deni. Baada ya mvua kubwa za El Niño za mwaka 1997 na 1998, bonde letu lilijaa maji kupita kawaida, nasi, mimi na marehemu baba, tukaamua kulikausha. Tulichimba mtaro kutoka juu hadi chini, wenye kina cha kumfikia mtu kiunoni, na kandokando yake tukapanda mikaratusi, kama tulivyoshauriwa na afisa mmoja aliyetutembelea. Miaka mitatu ya kwanza tulifurahi: ng'ombe hawakuzama tena kwenye matope, na viazi vilikubali. Mwaka wa nne, mwezi wa Januari, chemchemi iliyo chini ya shamba ilikauka. Mama yangu, ambaye alikuwa ameteka maji pale tangu alipoolewa, alisimama kando ya shimo lile kavu na mtungi wake mikononi, wala hakusema neno. Kufikia wakati huo mienge ilikuwa imebaki kwenye ukanda mwembamba tu kando ya ua wa shamba, mahali ambapo mtaro haukufika. Sikuwa nimeiona ikiondoka.

Mwaka 2009 aliyekuwa Waziri wa Mazingira, John Michuki, alipoagiza mikaratusi iliyopandwa kwenye vyanzo vya maji na kandokando ya mito iondolewe, watu wengi walinung'unika, na baba alikuwa mmoja wao. Tuliikata miwili miwili, kwa shingo upande, na visiki vikaendelea kuchipua hata ikatulazimu kukata machipukizi kila baada ya miezi michache kwa muda wa miaka miwili. Kisha nilianza kuziba mtaro kwa mawe na udongo, kizuizi kimoja kila baada ya hatua kumi. Masika ya pili baada ya kazi hiyo, maji yalisimama tena bondeni. Chemchemi ilirudi, ingawa si kwa nguvu ya zamani. Mienge nayo ilianza kusambaa kutoka ule ukanda wa kando ya ua, polepole mno, kwa mbegu. Nilianza na mafungu kumi na moja. Mwaka jana nilihesabu zaidi ya mia moja.

Kwa hiyo ninalotaka kuwaambia ndugu zangu wa nyanda za juu, kuanzia Kuresoi hadi Timboroa na Cherangani, ni kwamba mmea huu hauokolewi kwa kung'olewa na kupelekwa bustanini. Bustani inaweza kuwa na mienge kumi mizuri ilhali bonde limekufa. Kinachohitaji kuokolewa ni bonde lenyewe pamoja na maji yake, na mwenge utajitunza. Ningependa kujua wengine mmeona nini kwenye mabonde yenu.

Mkulima wa Kuresoi

Mwalimu, pokea heshima zangu. Nimesoma maneno yako mara mbili, na ile habari ya mama na mtungi imenigusa. Hata hivyo, naomba uniruhusu niseme upande wa pili. Mimi nina ekari mbili na robo, na katika hizo, karibu robo tatu ya ekari ni bonde chepechepe kama hilo unalolieleza. Nina watoto wanne shuleni. Jirani yangu alikausha sehemu yake msimu uliopita, akapanda viazi na kabeji, naye sasa ananitazama kama mtu aliyelala. Ua hili ninalo, ninalifahamu, na watoto wangu hunyonya maji matamu yaliyomo kwenye maua yake kama nilivyofanya mimi. Lakini utamu ule haulipi karo. Je, unaniambia niache robo tatu ya ekari kwa ajili ya ua?

Mwalimu wa Mau

Ndugu yangu, umeuliza swali ambalo baba aliniuliza, na lingekuwa kosa kulijibu kwa haraka.

Kwanza, siamini kwamba sehemu ile ni bure kwa sasa. Jiulize ng'ombe wako hula wapi mwezi wa Januari, wakati mteremko wote umekuwa rangi ya kahawia. Mimi nilipokausha bonde nilianza kununua nyasi kila kiangazi, na gharama hiyo sikuwahi kuiweka kwenye hesabu ya viazi mpaka nilipokaa chini nikaandika kila kitu kwenye daftari. Pili, viazi vya bondeni vina hatari yake. Mvua ikizidi, maji husimama kwenye matuta na viazi huoza ardhini. Zaidi ya hayo, ugonjwa wa mnyauko husafiri na maji, hivyo ukiingia shambani mwa jirani wa juu, mtaro huuleta kwako. Misimu mitatu ya kwanza ilinidanganya. Wa tano niliingia shambani na jembe nikatoka mikono mitupu.

Tatu, iwapo mto au kijito kinapita hapo, kanuni za kitaifa za mwaka 2009 kuhusu ardhi oevu na kingo za mito zinataka ukanda uachwe bila kulimwa, usiopungua mita 6 na usiozidi mita 30 kila upande. Kwa mtu mwenye ekari mbili huo si ukanda mdogo, nami silichukulii jambo hilo kuwa jepesi.

Sitakuambia uache robo tatu yote ikiwa huna namna. Ningekuomba usichimbe mtaro katikati. Lima ukingo wa juu, mahali ambapo maji hayasimami zaidi ya siku chache, na uiache sehemu ya katikati iliyo oevu zaidi iwe malisho ya kiangazi. Mtaro mmoja wa katikati hukausha kila kitu hadi kwa jirani, lakini tuta la ukingoni halifanyi hivyo.

Mpenda Ndege wa Nakuru

Mwalimu, umetaja maua yanayotazama chini lakini hukutaja mgeni wake mkuu, na mimi siwezi kumwacha. Ni yule ndege mdogo aitwaye chozi.

Maua yenye umbo la mrija mrefu, rangi ya moto na mbochi nyingi, yaani yale maji matamu, yasiyo na harufu ya kutajika, ni maua yanayomlenga ndege kuliko mdudu. Chozi wa nyanda za juu, hasa yule dume wa kijani kinachong'aa mwenye manyoya mawili marefu mkiani, hutua kwenye bua la mwenge, akainama, akaingiza mdomo wake uliopinda katika mrija, na chavua hushika kwenye manyoya ya uso wake. Anapohamia fungu jingine huibeba chavua hiyo. Nyuki nao huja, na wengine huingia mle ndani kabisa, lakini ndege huruka mbali zaidi kutoka bonde moja hadi jingine.

Hapa kwetu katika Bonde la Ufa, miaka ya 1970, wanasayansi wawili Wamarekani, Frank Gill na Larry Wolf, walimchunguza chozi mwenye mabawa ya dhahabu anayekula kwenye maua ya Leonotis, yale ya chungwa yanayokaa kwa vichwa vya mviringo, kimoja juu ya kingine, kwenye shina moja. Walitaka kujua kwa nini ndege huyo hulinda eneo lake kwa ukali siku nyingine na siku nyingine haoni haja. Waligundua kwamba maeneo yaliyolindwa yalitofautiana sana kwa ukubwa, lakini idadi ya maua ndani yake ilikuwa karibu ileile, takriban 1,600. Kumfukuza mvamizi humgharimu ndege nguvu mara tatu ya zile anazotumia kutafuta chakula, na kwa hiyo hupigana pale tu ambapo kupigana kunalipa. Somo hilo lilikuja kufundishwa katika vyuo vikuu kote duniani, na lilitoka hapa kwetu.

Nimelitaja kwa sababu linaonyesha kwamba ndege huhesabu. Fungu moja la mwenge lililobaki kando ya ua wa shamba halimpi chozi sababu ya kuja. Mafungu mengi yakiwa karibu karibu ndiyo yanayomvuta, na asipokuja, mbegu hupungua. Nadhani ndiyo maana mienge ya Mwalimu ilienda polepole mwanzoni.

Jambo jingine. Malisho haya ya kati ya Mau Narok na Molo ni makao ya ndege mdogo wa nyasini aitwaye Macronyx sharpei, mwenye kifua cha manjano, ambaye haishi nchi nyingine yoyote isipokuwa Kenya. Yeye huhitaji nyasi fupi zenye vichaka vya nyasi ngumu hapa na pale ili ajenge tago lake. Nyasi hizo zikilimwa au zikipandwa miti, hana pa kwenda, kwani hawezi kuhamia msituni. Kwa hiyo anayehifadhi bonde la mienge anaweza kuwa anamhifadhi ndege ambaye hajawahi hata kumwona.

Mama wa Kitale

Mwalimu, na wewe ndugu wa Kuresoi, salamu kutoka Trans Nzoia.

Huku tuna mfano ambao watu wengi hupita bila kuutazama. Hifadhi ya Taifa ya Saiwa, iliyoanzishwa mwaka 1974, ni ndogo kuliko hifadhi zote za taifa nchini, haizidi sana kilomita tatu za mraba, na ilitengwa hasa kwa ajili ya nzohe, yule mnyama wa kwenye vinamasi mwenye kwato ndefu zilizotanuka. Nimeitembelea mara nyingi pamoja na watoto wa shule. Ninachokiona kila mara ni kwamba hifadhi ni nyembamba mno, na mashamba yanakuja hadi ukingoni, hivyo kinachofanywa na wakulima wa pande zote mbili huingia kinamasini pamoja na maji ya mvua. Kuweka uzio peke yake hakutoshi.

Habari ya uzio inanipeleka kwenye kosa langu mwenyewe. Nina kipande kidogo cha bonde chenye mienge, upande wa Cherangani, ambako ni juu zaidi. Miaka minane iliyopita nilikizungushia seng'enge nikazuia mifugo yote, nikiamini kwamba hapo nimekinusuru. Mwaka wa kwanza kilipendeza sana. Mwaka wa tatu nyasi zilikuwa zimerefuka na kulala moja juu ya nyingine kama godoro, miche midogo ya mwenge ilikosa mwanga, na vichaka vikaanza kuingia. Nilibaki na mafungu makubwa ya zamani bila mtoto hata mmoja. Sasa nawaachia kondoo waingie kuanzia mwishoni mwa Novemba, maua yakishamaliza kutoa mbegu, hadi mvua zinapokaribia. Wakati wa tope siwaruhusu kabisa, kwa sababu kwato hukanyaga na kuvunja machipukizi. Miche imerudi. Bonde hili lilizoea wanyama tangu zamani, wa porini na wa nyumbani, na linawahitaji kwa kiasi.

Mkulima wa Kuresoi

Mama, umenifungua macho. Hilo la kondoo wa Novemba naliweza, na halinigharimu kitu. Mwalimu, nimekwenda leo asubuhi kulitazama bonde langu kwa macho mengine. Nimekuta maji husimama katikati tu, kama upana wa nyumba tatu. Kando zote mbili hukauka mapema. Nitalima kando. Mtaro sitachimba msimu huu, nami nitamwomba jirani tukae tuzungumze, kwa sababu mtaro wake unaishia kwenye mpaka wangu.

Kijana wa Kisumu

Wazee wangu, nimefuatilia uzi huu kwa hamu. Mimi naishi Kisumu, na bibi yangu yuko uwanda wa Kano, mahali ambapo kila masika maji hufurika na udongo mweusi hunata miguuni. Kwa kuwa ni ardhi yenye unyevu wa msimu, je, ninaweza kupata mbegu za mwenge nikapande huko?

Mwalimu wa Mau

Mwanangu, umeuliza vizuri, na jibu langu ni kwamba usijaribu. Kisumu iko kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,130, na mwenge ninaouzungumzia ni wa nyanda za juu zenye usiku wa baridi. Ungeota, pengine ungesogea mwaka mmoja, kisha joto lingeuchosha. Hata kama ungestawi, bado ningekushauri utazame kwanza kile ambacho ardhi ya bibi yako ina nacho tayari.

Katika nyanda za udongo mweusi za Afrika Mashariki kuna maua ya jenasi ya Crinum, ambayo huishi kwa namna inayofanana na mwenge ingawa si ndugu zake. Yana kitunguu kikubwa kilichozama ardhini, na wakati wa kiangazi huwezi kujua kwamba yapo. Mvua za kwanza zikinyesha, bua hutoka kabla nyasi hazijarefuka, likiwa na maua makubwa meupe yenye mstari wa waridi katikati ya kila petali. Muulize bibi kama ameyaona. Wazee hukumbuka mahali hasa yalipokuwa yakiota. Ila uwaonye watoto wasikichezee kitunguu chake wala kukionja, kwa sababu kina sumu inayosababisha kutapika.

Mama wa Kitale

Mwalimu, kabla uzi haujasonga mbele, tafadhali tueleze namna ya kuuzalisha bila kuung'oa porini. Shule mbili huku zimeniuliza, na sitaki niwape maelezo nusu.

Mwalimu wa Mau

Nitaeleza nilivyofanya mimi, Mama, nawe utarekebisha palipo tofauti huko juu.

Njia ninayoipendelea ni mbegu. Maua yakishaanguka, bua hubaki na vifuko vidogo vya mviringo. Vikianza kugeuka rangi ya kahawia na kupasuka juu, ndipo mbegu zimekomaa, nazo ni nyeusi au za kahawia iliyokolea. Mimi huchukua kutoka mabua machache tu na kuacha mengi yajimwagie yenyewe. Huzimwaga juu ya udongo laini wa kitalu, nikazifunika kwa tabaka jembamba mno la mboji iliyochekechwa, na kuhakikisha kitalu hakikauki hata siku moja. Huchipua baada ya wiki kadhaa, zikifanana na nyasi kiasi kwamba mjukuu wangu aliwahi kuzing'oa zote akidhani anapalilia. Kwa hiyo wekeni alama. Miche huhamishwa ikifikisha urefu wa shibiri, mwanzoni mwa masika, na ua la kwanza usilitarajie kabla ya mwaka wa pili au wa tatu.

Njia ya pili ni kugawa fungu, lakini liwe fungu la bustani yako mwenyewe, si la bondeni. Fanya hivyo mvua zinapoanza, kwa jembe la meno ili usikate mizizi mingi. Kila kipande kiwe na chipukizi moja au mawili na mizizi yake, majani yapunguzwe nusu, na usikizamishe kupita kiwango kilichokuwa nacho mwanzo, maana shingo ikifukiwa huoza.

Nina ombi moja zito kwa shule. Kuna mienge ya bustani inayouzwa kwenye vitalu vya mijini, yenye vichwa vikubwa vya rangi mbili, ambayo ni machotara ya spishi za kusini mwa Afrika. Ni mizuri, siikatai, lakini mimea ya jenasi hii huzaana kwa urahisi spishi kwa spishi, na chozi hajui mpaka wa bustani. Ikipandwa karibu na bonde lenye mwenge wa asili, baada ya miaka kadhaa tutakuwa na mchanganyiko, na ule uliokuwa wa hapa hautapatikana tena. Shule iliyo karibu na bonde ipande mbegu za bonde hilohilo.

Kuhusu yule kijana wa kando ya barabara, nilirudi kumtafuta Jumamosi. Niliketi naye juu ya kreti la soda tukazungumza kwa muda mrefu, nikagundua kwamba ana mkono mzuri wa kuotesha kuliko mimi, na kwamba aling'oa mimea kwa sababu hakujua kuwa mbegu zake huota. Nimempa mbegu za mabua sita na nafasi ya kitalu nyuma ya nyumba yangu, karibu na bomba. Tumekubaliana kwamba miche itakayotoka atauza yeye, na kila mnunuzi ataelezwa kwamba mmea huu hautaki mahali pakavu. Kati ya mafungu manne niliyoyanunua, moja limeoza. Matatu yametoa majani mapya, nami nimeyapanda chini ya kizuizi cha tatu cha ule mtaro wa zamani, mahali ambapo maji husimama muda mrefu kuliko kwingine kote.